Mjadala: Kanuni za 2027 zitaiokoa WRC (mashindano ya rali ya dunia), au zitaimaliza?

Fundi wa Nakuru
Ndugu zangu, naweka hoja mezani. Daraja la juu la rali ya dunia limebaki na viwanda vitatu: Toyota, Hyundai, na Ford kupitia timu binafsi ya M-Sport. Volkswagen waliondoka mwisho wa 2016, Citroën mwisho wa 2019, na tangu hapo hakuna kiwanda kipya kilichoingia. Madereva nao wanapukutika. Kalle Rovanperä, bingwa mara mbili, amehamia magari ya saketi akiwa na miaka 25, na Ott Tänak amejiweka kando baada ya msimu wa 2025.

Jibu la FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, ni gari jipya la 2027: nguvu za farasi takriban 300, vipuri vingi vyenye asili ya Rally2 (magari ya daraja la pili), na bei isiyozidi euro 345,000 likiwa tayari kwa rali ya lami. Mimi naunga mkono. Gari la Rally1, la daraja la juu la sasa, lilivyokuja 2022 na injini ya lita 1.6, mota ya umeme ya kilowati 100 na betri juu yake, nani angelinunua kwa fedha zake?

Kedong
Mkuu, bei ya gari siyo ugonjwa. Mota ya umeme na betri vilishaondolewa 2025: uzito wa chini ukashuka kutoka kilo 1,260 hadi 1,180, tundu la kuingizia hewa kwenye tabo (turbo), linalodhibiti nguvu ya injini, likabanwa kutoka milimita 36 hadi 35. Je, kiwanda gani kilijiunga na daraja la juu kwa sababu hiyo? Hakuna. Gari hulinunui kila wiki. Kinachokausha mfuko ni siku za majaribio, wahandisi wanaosafirishwa kila bara, makontena, na kulijenga upya gari baada ya kila rali: shokapu, ekseli, giaboksi, tabo. Kiwanda kikimwaga fedha hizo kinauliza swali moja tu: watu wangapi wataliona gari langu? Hapo kanuni za chesisi hazina jibu.

Bi Tatu wa Mombasa
Kedong, hapo kwenye makontena FIA wamegusa pia. Wametaka timu zipeleke watu wachache, wahandisi wengine wafanye kazi wakiwa makao makuu, na vifaa vya mahali penyewe vitumike zaidi. Mimi naona hilo ni kubwa kuliko gari.

Na wanaoogopa kwamba farasi 300 watafukuza watazamaji, someni historia. Group B, daraja la magari makali ya wakati ule, ilifutwa mwisho wa 1986 kwa sababu ya vifo. 1987 Group A ikawa daraja la juu, magari ya nguvu ndogo zaidi yaliyotokana na magari ya dukani. Watu walisema rali imekufa. Kweli Lancia walitawala peke yao, mataji sita ya viwanda mfululizo hadi 1992, na miaka ile ya mwanzo ilichosha. Lakini mlango ulikuwa wazi, ndipo tukapata Toyota, Subaru, Mitsubishi na Ford wakibanana.

Kedong
Group A ilifaulu kwa sababu kiwanda kililazimika kutengeneza magari 5,000 ya kuuza, kwa hiyo gari la rali na gari la mteja lilikuwa damu moja. La 2027 ni keji ya mabomba iliyovikwa bodi ya umbo lolote linaloingia kwenye vipimo. Tangazo hilo linauza nini?

Fundi wa Nakuru
Keji ya mabomba si ngeni, Rally1 wanayo tangu 2022. Kipya ni kwamba fundi binafsi, asiye kiwanda, ataruhusiwa kujenga gari na kulisajili. Hilo ndilo lango.

Halafu mnasahau mambo ya njia. Chukueni Safari Rally ya Kenya. Kwenye vumbi laini la njia ya Kedong, karibu na Naivasha, lile wanaloliita feshfeshi, magurudumu huzama kwenye mifereji na bamba la chini hulalia tuta la katikati. Vumbi huziba rejeta na chujio la hewa, joto hupanda, injini hupoteza pumzi. Ndiyo maana hufungwa bomba la kuvuta hewa juu ya bodi. Dereva hawezi kupunguza mwendo, akisimama amekwama, na jiwe lililofichwa chini ya vumbi hupasua tairi au kuvunja mkono wa saspensheni. Msuko (torque, nguvu ya kuzungusha magurudumu) mdogo wa injini utapunguza mzigo kwenye ekseli. Gari jipya pia linatumia wishboni mbili kila gurudumu, mkono wa juu na wa chini, badala ya saspensheni ya McPherson yenye mkono wa chini tu. Mhandisi mwerevu akiifanya mikono ya mbele na nyuma ifanane, atabeba nusu ya vipuri vya akiba.

Bi Tatu wa Mombasa
Nakubali kuhusu ekseli, ila msuko huohuo ndio unaolitoa gari kwenye feshfeshi. Tutaona watakaokwama.

Mzee wa Kasarani
Mnaongea gari, mimi naongea pa kukimbilia. Safari ilitoka kwenye kalenda baada ya 2002 kwa kukosa fedha, ikarudi 2021 Naivasha, na mkataba uliotangazwa mwaka huo ulifika 2026 tu. Kilichoibeba ni hazina ya serikali. Hivyo swali la Kenya ni hili: dereva wetu ananufaika nini? Dereva Karan Patel amekimbia na Škoda Fabia Rally2: kilo 1,230, tundu la milimita 32. Kuanzia 2027 Rally2 na gari jipya vinatarajiwa kukaribiana uwezo. Mkenya mwenye Rally2 nzuri anaweza kupigania nafasi ya tano nyumbani, badala ya kuhesabiwa dakika nyuma.

Kedong
Mzee, hiyo ndiyo hoja ya kwanza iliyonigusa. Ila naongeza sharti. Bei ikifungwa huku marekebisho ya kila mwaka yakiachwa wazi, tajiri atatumia ileile bajeti kutafuta sekunde kwenye shokapu na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu). Wazuie usajili wa vipuri vipya kwa miaka mitatu, na shokapu ziwe za mtengenezaji mmoja. Bila hilo, M-Sport au Hyundai wakijitoa, Toyota, bingwa wa viwanda kila mwaka tangu 2021, atabaki kukimbizana na mafundi binafsi. Nani atalipia televisheni kuangalia hilo?