Amplifaya ya valvu inavuma hata sauti ikiwa sufuri

ValvuTudor
Salaam mafundi. Amplifaya ya hedifoni: valvu ECC82 moja mbele, valvu 6N6P mbili nyuma zikitoa sauti kwenye kathodi (nguzo ya valvu inayotoa elektroni). Upande wa umeme: daraja la dayodi (hugeuza AC kuwa DC), kapasita ya µF (mikrofaradi) 100, rizista ya kiloomu 1, µF 100 tena. Napata volti 250, inakula miliampia 30 hivi. Hita (nyuzi za kupasha valvu joto) ni AC ya volti 6.3. Inavuma masikio yote mawili, na nikifunga sauti kabisa haipungui. Hedifoni ni za omu 32. Nianzie wapi?

FundiMajengo
Kama haipungui, usihangaike na waya za kuingizia muziki. Shida iko baada ya kitufe cha sauti. Kwa miliampia 30, kapasita yako ya kwanza inabaki na mawimbi (mtikisiko wa umeme ambao haujanyooka) ya karibu volti 3, na baada ya rizista ni kama milivolti 50. Kwa hedifoni nyepesi za omu 32 hizo ni nyingi mno. Ongeza rizista ya omu 470 (wati 2) na kapasita ya µF 220, volti 350. Mawimbi yatashuka chini ya milivolti 1, na utapoteza volti 14 tu.

Kabla ya kugusa, chomoa plagi, toa chaji kwa rizista ya kiloomu 10 ya wati 5 kwa sekunde 15, kisha hakikisha kwa mita.

BahariVolti
Naongezea hita, maana kathodi za 6N6P zimekaa juu kwa volti na umeme wa hita huvujia humo. Jaribu hivi: ondoa waya zote mbili za transfoma kwenye hita, weka betri ya volti 6 ya taa ya dharura, upande mmoja wa betri kwenye ardhi. Mvumo mzito ukitoweka, hita ndiyo mwizi.

Dawa yake: sokota waya za hita, zilaze pembeni mwa chasi, kila upande rizista ya omu 100 hadi sehemu moja. Sehemu hiyo usiipeleke ardhini, iinue kwa kiloomu 220 kutoka volti 250 na kiloomu 47 kwenda ardhini, pamoja na kapasita ya µF 10. Utapata kama volti 44.

ValvuTudor
Ahsanteni wakuu. Kwa betri mvumo mzito umekwisha. Umebaki mkwaruzo mwembamba, na kapasita ya µF 220 nimeshaiweka.

FundiMajengo
Huo ni wa hezi 100, unatoka kwenye daraja la dayodi. Hasi ya daraja umeifunga kwenye chasi, sivyo? Ipeleke moja kwa moja kwenye hasi ya kapasita ya kwanza, usipitishe njia ya muziki: mkondo wa kuchaji huja kwa vishindo. Kutoka kapasita ya mwisho ndipo utoe ardhi ya valvu, na chasi iguswe mahali pamoja tu, karibu na soketi ya kuingizia. Hapo kwangua rangi hadi chuma king'ae, weka washa yenye meno; hewa yetu ya chumvi hula kiungo hicho kabla ya vingine. Waya wa ardhi wa plagi ya miguu mitatu usiukate kamwe, hata ukikunyamazishia mvumo.