Nimekaimu umeneja, cheo kapewa niliyemfundisha kazi

AfisaMikopo_Mza
Habari za jioni wakuu. Nipo kampuni ya mikopo hapa Mwanza, afisa mikopo mwandamizi. Meneja wa tawi alipohamishwa mwaka jana nikaambiwa nikaimu, kwa mdomo tu, barua "inakuja". Haikuja, wala posho. Funguo za kasiki nikashika mimi, ripoti ya PAR (kiwango cha mikopo iliyochelewa kurejeshwa) kila Ijumaa nikatuma mimi, vikundi vya Igoma na Buhongwa vilivyokuwa vimelala nikavifuata kwa bodaboda mpaka wakaanza tena kurejesha.

Mwezi uliopita kaletwa meneja mpya. Kijana aliyepita kwetu mafunzoni, mimi ndiye nilimwonyesha kuingiza mkopo kwenye mfumo. Nafasi haikutangazwa, usaili hatukuusikia. Wanasema ana shemeji makao makuu. Hilo sina ushahidi nalo. Ripoti bado naandika mimi, yeye anabadilisha jina.

Jumatatu asubuhi mwenye PAR mbaya anasimamishwa mbele ya wenzake. Saa nne usiku kundi la WhatsApp linalia: "Nani hajafikisha?" Ukikaa kimya, kesho jina lako liko ubaoni.

Jana kanipa fomu ya makabidhiano nisaini kwamba mikopo chechefu (isiyorejeshwa) yote ni jukumu langu na nikubali kukatwa mshahara. Mingi ilitolewa na yule aliyehama! Nisaini?

Mzee wa Payroll
USISAINI dada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28: ili ukatwe kwa ajili ya hasara, lazima iwe imetokana na kosa lako, uandikiwe sababu, kiasi na kilivyopigwa hesabu, na upewe nafasi ya kupinga. Hata hapo hawaruhusiwi kuvuka robo ya mshahara. Waombe orodha ya mkopo mmoja mmoja: tarehe uliyotolewa na nani aliidhinisha.

Cheo ni kesi ngumu zaidi. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi wa kabila, jinsia, ujauzito, dini na kadhalika, na kupandisha vyeo kumo. Ushemeji peke yake hapo utahangaika nao.

Kichwa_Ngumu
Pole, ila kufuatilia madeni vizuri hakumfanyi mtu kuwa meneja. Kampuni binafsi huchagua wamtakaye. Kosa lao ni kukutumia bure.

binti_kemondo
@Kichwa_Ngumu mbona wakati wa kushika funguo za kasiki alifaa? Dada, hiyo ripoti ya Ijumaa acha aandike mwenyewe.

Mzee wa Payroll
Asiache ghafla, watamwita mkaidi wampe onyo. Aombe kwa maandishi: majukumu yangu kwa sasa ni yapi? Akitaka kwenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), mgogoro usio wa kuachishwa kazi una siku 60, wa kuachishwa siku 30. Kama tawi lina chama cha wafanyakazi, TUICO au FIBUCA, aanzie huko.

AfisaMikopo_Mza
Asanteni. Chama hatuna, tuliwahi kuchukua fomu zikaishia kwa meneja. Mzee, ushahidi wa kukaimu uko kwenye barua pepe za ofisi. Nikijitumia si watasema natoa siri za wateja?

Mzee wa Payroll
Watasema, na watakufukuzia hilo. Usijitumie chochote. Waandikie HR leo, utaje tarehe ulizotuma ripoti na nani aliyekuagiza, uombe wathibitishe. Nakala ya barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa, hiyo ndiyo uende nayo nyumbani.