Naomba ushauri: maganda na maji ya viazi tuyafanyie nini?

Habari zenu wakuu. Tunakaanga krispi, na kila jioni tunabaki na maganda tele pamoja na maji ya kuoshea vipande. Maji hayo yakilala kwenye ndoo, asubuhi unakuta utando mzito mweupe umeng'ang'ania kitako: huo ni wanga. Nikiukoroga kwenye maji safi na kuuacha utulie tena, unazidi kuwa mweupe. Shida ni kuukausha; jua likipotea tu unachacha na kunuka. Kuna anayeukausha bila mashine ya bei mbaya? Na watengeneza gundi ya karatasi wanaupokea ukiwa hivyo?

Maganda nayo sehemu kubwa ni maji, yanaoza upesi. Nafikiria kuyachanganya na pumba na kuyafungia yasipate hewa, yawe sileji, yaani lishe ya ng'ombe iliyochachushwa. Ya kijani na yenye machipukizi nayatenga kwa sababu ya solanini, sumu ambayo hata kuchemsha hakuimalizi. Hayo niyapeleke kwenye mboji au bayogesi? Bayogesi naiogopa kidogo, maana wanga mwingi kwa mkupuo huleta asidi na gesi inakata. Mwenye uzoefu anipe vipimo vyake, tafadhali.