Bagi ya 800cc inachemsha: rejeta mpya ya alumini au ya Vitz ya mtumba?

PajeMchangani
Assalaam alaykum wakuu. Bagi yangu ya watalii (kigari cha wazi cha mchangani) inachemsha, fundi kasema rejeta imekufa. Nimepata mbili: mpya ya alumini 350,000 na ya Vitz ya mtumba 120,000. Kesho kutwa nilipie moja. Nichukue ipi?

FundiZiro
Waalaykum salaam. Mkuu, usilipe kwanza. Injini gani, na imekaa mbele au nyuma? Inachemsha ikiwa imesimama, ikienda mwendo mdogo, au ikikimbia? Maji yanapungua? Unajazia maji gani?

Ikichemsha imesimama lakini ikikimbia mshale unashuka, tafuta feni: fyuzi, rilei, swichi ya joto. Ikichemsha kwenye mzigo mzito huku feni inafanya kazi, hapo ndipo tunaongea rejeta iliyoziba, pampu au themostati (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende rejeta). Ikichemsha muda mfupi tu baada ya kujaza maji, kuna hewa imenasa.

Dau_la_Diani
Alumini, bila kufikiria mara mbili. Ya Vitz ina matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa gasketi kwenye kiini (sehemu ya katikati yenye mirija). Chasi ya bagi hujipinda kila ukipiga shimo, na plastiki iliyozeeka hupasuka palepale kwenye mshono. Halafu ile ya gari la otomatiki ina vichomozi viwili vidogo chini, itabidi uvizibe.

FundiZiro
Hapo si kweli, ndugu. Vile ni vya oili ya giaboksi, njia yake haikutani na ya maji. Ukiviacha wazi haivuji tone. Vifunike tu visiingie tope.

Dau_la_Diani
Sawa, hilo nakubali. Plastiki bado siiamini. Ila na alumini usiifunge chuma kwa chuma, weka mipira juu na chini, la sivyo michomeleo itapasuka kwa mtikisiko.

Bidiya_Oman
Mnasahau mapezi, vile vibati vyembamba vya kiini. Huku Oman kwenye vilima vya mchanga, mchanga ni mkavu, unapita. Huko Unguja kuna udongo mwekundu na mbegu za majani, vinanata. Kiini chenye mapezi yaliyobanana sana kitaziba kwa nje hata kama ni kipya. Usipige maji ya presha, yanalaza mapezi. Tumia mpira wa kawaida, maji yatoke upande wa feni kwenda mbele, kinyume na upepo unavyoingia.

PajeMchangani
Injini ni silinda tatu, iko nyuma, rejeta iko mbele. Barabarani iko sawa, ikiingia mchangani mwendo wa polepole mshale unapanda. Maji yanapungua kama nusu lita kwa siku. Natumia ya kisima.

FundiZiro
Umejibu swali lako mwenyewe. Mwendo wa polepole inachemsha, barabarani iko sawa: anza na feni. Weka karatasi mbele ya rejeta feni ikiwa inazunguka. Lazima inyonywe ishike. Ikisukumwa, waya zimegeuzwa.

Nusu lita kwa siku ni jambo la pili, wala usilichanganye na la kwanza. Injini ikiwa ya baridi, funga pampu ya kupimia, panda hadi namba iliyoandikwa kwenye kifuniko (nyingi ni 1.1, karibu sawa na bar), subiri dakika 15. Ikishuka, fuata unyevu kwenye mipira ya maji, pampu na mabomba ya chini ya sakafu. Isiposhuka, shuku kifuniko chenyewe au gasketi ya hedi (kichwa cha injini). Kifuniko kikilegea, presha haikai, maji yanachemka mapema na kumwagika.

Kinyerezi_Spea
Msikilize huyo. Kuna bagi ya aina hiyohiyo ililetwa gereji ikiwa tayari imebadilishwa rejeta, kisha pampu, kisha themostati ikatolewa kabisa, na bado inachemsha. Kumbe aliyebadilisha feni aliunganisha waya kinyume. Feni inapuliza mbele, upepo wa mwendo unakuja nyuma, vinagongana katikati ya kiini. Na kutoa themostati kulizidisha: kwenye injini hiyo themostati ikifunguka ndiyo inaziba njia ya mkato, ikikosekana sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kufika rejeta. Mwenyewe aliendelea kuendesha wiki tatu. Hedi ilipowekewa rula ya chuma, mwanya ulizidi 0.05 mm, yaani imepinda. Ikabidi kuchonga hedi, gasketi mpya na bolti mpya, yote kwa sababu ya waya mbili.

Themostati hupimwa kwenye sufuria ya maji na kipimajoto. Ikiandikwa 82 (nyuzi za Selsiasi), ianze kufunguka karibu na hapo.

Bidiya_Oman
Na maji ya kisima acha leo. Chini kwenu ni jiwe la matumbawe, yale maji yana chokaa na mara nyingine chumvi. Chokaa hukaa ndani ya mirija, na hata rejeta mpya utaiua. Tumia kulanti (dawa ya kupozea) nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled), yale yanayouzwa kama maji ya betri.

Dau_la_Diani
Kulanti nyekundu, ndiyo inadumu.

Kinyerezi_Spea
Rangi si kipimo, kila kiwanda kina rangi yake. Soma kopo. Usichanganye aina mbili, nyingine huganda kama uji. Na dukani ukiomba "maji ya betri" hakikisha si asidi, zote huitwa hivyo.

FundiZiro
Ukijaza, inua pua ya bagi ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko injini. Jaza polepole, bonyeza mipira kwa mkono, acha injini iwake hadi feni iwake na kuzima mara mbili. Ikishapoa, ongeza.

Dau_la_Diani
Oili je? Kwa joto la pwani weka 20W-50.

FundiZiro
Fuata kitabu. Oili nzito haiponyi injini inayochemsha. Cha muhimu achomoe kijiti cha kupimia oili: ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia.

PajeMchangani
Wakuu, karatasi ilisukumwa! Nimegeuza waya, leo mchangani mshale umetulia. Oili ni safi. Lakini maji bado yanapungua, na mabomba ya chuma chini ya sakafu yana kutu. Muuza alumini anapiga simu.

Kinyerezi_Spea
Hela iende kwenye mabomba kwanza. Kutu yake itaishia kwenye rejeta yoyote utakayofunga.

Dau_la_Diani
Mabomba ya chuma cha pua au alumini?

Bidiya_Oman
Pima presha kwanza, jamani. Hajapima bado.