Nimenunua boti ya faiba Bagamoyo, bahari siijui. Naombeni ushauri

BaraHadiPwani
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mtu wa Singida, kazi yangu iko Dar, na bahari nimezoea kuitazama nikiwa kwenye pantoni ya Kigamboni. Mwezi uliopita nimenunua boti ya faiba ya futi 23 na mashine ya Yamaha farasi 25, vyote vimetumika. Nia yangu ni kuvua kwa mshipi siku za mapumziko na kuipeleka familia fungu la Mwambakuni, ule mchanga unaojitokeza katikati ya bahari. Huko mbele nikimpata kijana mwaminifu aivulie, tugawane.

Jumamosi nilikwenda kuiangalia saa nne asubuhi. Nimekuta imelala ubavu kwenye tope, kaa wanapita chini yake, maji yako mbali ile mbaya. Aliyeniuzia akacheka tu, akasema nirudi alasiri. Saa kumi jioni nimeikuta inaelea na watoto wanarukia majini kutokea omo, yaani mbele ya boti.

Sasa naomba kujua: saa ya kutoka na kurudi naijuaje? Ikikwama njiani nafanya nini? Nanga ipi inafaa? Na karatasi zipi natakiwa kuwa nazo? Kejeli naruhusu, ila ziambatane na ushauri.

Pweza_Mkavu
Uza, nunua bajaji. Bajaji haipwelewi, maji hayaiachi kwenye tope.

Mzee_wa_Demani
Karibu pwani, mwanangu. Usimsikilize Pweza, huyo hata mtumbwi hana.

Pwani ya Bagamoyo ni tambarare, maji yakipwa yanaondoka kabisa. Wajerumani wenyewe enzi za ukoloni jambo hilo lilikuwa likiwasumbua, meli zao zikitia nanga mbali na mizigo ikivushwa kwa vyombo vidogo. Mwaka 1891 wakahamishia makao yao Dar es Salaam, ambako bandari ina kina. Basi na wewe usishindane nayo, ifuate saa yake.

Saa yenyewe ni mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Upande wetu huu, siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Ndicho ulichokiona. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwezi ukifika nusu ni maji mafu, mambo yanageuka: yanajaa kwenye saa nne na kupwa kwenye saa kumi, na hayaendi mbali. Wavuvi wengi hapa wanahesabu kwa mwezi wa Kiislamu na hawahitaji simu. Wewe mgeni tafuta jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari, ulibandike ndani ya kabati unapoweka funguo ya mashine.

Mwambakuni kunapendeza maji yakiwa yamepwa, maana ndipo mchanga unapotoka. Kwa hiyo siku ya bamvua mnaondoka kabla ya saa moja asubuhi, mnashinda fungu, mnarudi kuanzia saa nane mchana maji yakiwa yamejaa zaidi ya nusu. Ukikawia kuondoka, boti itabaki pale pale na familia itakula ubwabwa pwani.

Kadeti_Mbegani
Shikamoo mzee. Naomba niongeze, na kidogo nipingane na wewe. Mgeni asianze kwa kutoka maji yanapwa. Mara zake za mwanzo atoke maji yanapojaa, kwa sababu akipanda fungu anakaa kidogo tu maji yanamnyanyua mwenyewe. Akikwama yanapwa, kila dakika anayobishana na boti inazidi kukaa chini.

Kuna hesabu tulifundishwa. Maji huchukua takriban saa sita kutoka kupwa hadi kujaa, lakini hayapandi sawasawa. Gawa tofauti yote ya kupwa na kujaa sehemu 12: saa ya kwanza yanapanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kushuka ni hivyo hivyo. Bamvua letu tofauti huwa zaidi ya mita 3. Ukichukua mita 3.2, ile saa ya tatu na ya nne maji yanashuka kama sentimita 80 kila moja. Boti iliyokuwa inaelea vizuri ukaenda kunywa chai, unarudi imekaa.

Na hili wengi hawaliangalii: ukipanda fungu kwenye kilele cha bamvua kubwa, maji ya siku zinazofuata yanaweza yasifike pale. Unaweza kusubiri karibu nusu mwezi. Kwa hiyo usiitoe boti mpaka juu kabisa pwani siku maji yamefurika, kama huna watu wa kuisukuma.

Mzee_wa_Demani
Marahaba. Hapo sibishi, umesema kweli. Mara za mwanzo aende na mtu wa hapa, halafu hayo ya Mwambakuni yafuate.

BaraHadiPwani
Shikamoo mzee, ahsante sana. Kadeti, nimekupata. Na ile mashine ya elektroniki ya kupima kina ninunue? Nimeona moja bei imechangamka.

Fundi_Faiba
Acha kwanza. Kwenye maji ya mita moja itakuambia umegusa wakati wewe mwenyewe umeshasikia. Nunua mti wa mwanzi wa futi 12, upake rangi kila futi moja, huo ndio upondo wako na ndio kipimo chako. (Mti wa mkoko ni mgumu zaidi, lakini kukata mikoko kunahitaji kibali, usijitafutie kesi.) Mtu mmoja anakaa omo anapima, wewe unaendesha taratibu.

Sasa mashine, maana hapo ndipo pesa yako itakapopotelea. Mashine nyingi zina kipini cha kuifunga isinyanyuke. Ukienda mbele kwenye kina kifupi usiifunge, ili ikigonga inyanyuke yenyewe badala ya kuvunja mguu wa mashine. Ukirudi nyuma ifunge, la sivyo itajinyanyua na propela itazungukia hewani. Ukisikia chini pamegusa, zima. Vijana wengi hapo ndipo wanapoongeza moto, wanachota mchanga na tope, unaingia kwenye pampu ya maji na kula impela, ile feni yake ya ndani. Nyuma ya mashine kuna kitundu kinachotoa uzi wa maji muda wote ikiwa inaunguruma. Kitazame kila mara, kama mama anavyotazama maziwa jikoni. Uzi ukikatika, zima, angalia kama mfuko wa nailoni umeziba au ni mchanga. Ukiendelea mashine inachemka na kukwama.

Kila ukirudi, itumbukize kwenye pipa la maji baridi yasiyo ya chumvi uiwashe dakika chache. Kwenye sanduku weka plagi mbili, spana ya plagi, bisibisi, koleo, kamba ya kuwashia na propela ya akiba na pini yake. Kama mashine yako ni ya kuchanganya oili, fuata kitabu chake. Nyingi ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, ila usichukue neno langu wala la muuza mafuta.

Halafu chini ya boti. Faiba ikiburuzwa kwenye mchanga kila siku, mkuku, ule uti wa chini ya boti, unaliwa mpaka nyuzi zinaonekana na maji yanaingia taratibu bila wewe kujua. Itembeze juu ya magogo, na mwombe fundi aongeze tabaka pale kwenye mkuku kabla hujaanza kuitumia. Masika ukiiacha pwani toa kizibo cha nyuma, mvua isiijaze. Kabla ya kuisukuma majini, kirudishe. Usicheke, boti zimezama kwa hicho kizibo.

Binti_Mlingotini
Kaka Bara, karibu. Mimi nalima mwani, nina neno langu. Huku kwetu Mlingotini mashamba ya mwani yapo kwenye maji mafupi, na maji yakijaa vigingi vyote vinafunikwa. Watu wa boti wanaona maji mazuri yametulia wanakata humo humo. Propela inakata kamba, mwani wote unaelea, na wewe unabaki na kamba imezunguka mashine. Uliza kwanza njia ya vyombo inapita wapi. Tutakuonesha, hatugombani na mtu aliyeuliza. Nyavu nazo ni hivyo hivyo: ukiona dumu au kipande cha boya kinaelea, zunguka mbali.

Na mkikwama msiruke majini miguu mitupu. Vaa viatu, na utembee kwa kuburuza mguu, usiinue. Samaki aitwaye taa hulala kwenye mchanga, ukimkanyaga anakuchoma na mwiba wake, ukimgusa ubavuni anaondoka zake.

Kadeti_Mbegani
Umenena, dada. Nimalizie kukwama na nanga.

Ukishapanda na maji yanapwa, jaribu mara moja: zima mashine, inyanyue, wahamishe watu upande wenye kina, sukuma kwa upondo kurudi ulikotoka. Wala usilazimishe kusonga mbele. Ikikataa, chukua nanga uipeleke kwa miguu upande wenye kina na uvute kamba ikaze. Kagua chini kusiwe na jiwe litakalotoboa ubavu boti itakapolala. Baada ya hapo kaeni mle mlichobeba.

Nanga: kwenye mchanga na tope inafaa ile ya mabapa mawili inayojizika, kwenye miamba ile ya vidole vinne. Kosa la wengi ni urefu wa kamba. Wanatia nanga maji yamepwa, kina mita 1, wanaachia kamba mita 5. Jioni ya bamvua kina kimefika mita 4, kamba inasimama wima, nanga inang'oka na boti inakwenda zake. Hesabu kina cha maji yakiwa yamejaa, uzidishe mara 5.

Kusoma maji kwa macho jifunze pia, ila lina masharti. Jua liwe juu au mgongoni. Rangi ya kijani iliyoiva ni kina, iliyopauka ni mchanga karibu, kahawia yenye mabaka ni mwamba au majani. Bagamoyo inatazama mashariki, kwa hiyo ukirudi jioni jua linakupiga usoni na huoni kitu. Masika mto Ruvu ukileta tope ndiyo kabisa, na mafungu ya mdomoni mwake huhama.

Pweza_Mkavu
Nina ushauri wa kweli sasa. Miezi ya kusi, ule upepo wa kusini, hasa Juni na Julai, asubuhi bahari itakudanganya. Mchana upepo ukikutana na mkondo unaokwenda kinyume chake, mawimbi yanasimama hapo hapo kwenye kina kifupi. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ukisikia onyo la mawimbi makubwa hiyo boti iache ilale na kaa wake.

Kadeti_Mbegani
Karatasi: ukaguzi na leseni ya chombo ni TASAC, shirika la serikali la masuala ya meli. Ukitaka kuvulia, nenda halmashauri kwa afisa uvuvi, na ukajitambulishe kwa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia ufukwe, pale unapolaza boti. Watu wa BMU ndio watakaoitazama ukiwa Dar. Ukitaka kusoma zaidi, FETA Mbegani, chuo cha uvuvi, wako hapo hapo.

BaraHadiPwani
Nimeandika yote. Nimeangalia kalenda, Jumamosi ijayo mwezi ni nusu, kwa hiyo maji mafu, yatajaa kwenye saa nne. Naja saa mbili asubuhi na mke na watoto wawili. Mzee, kuna mtu wa kwenda naye?

Mzee_wa_Demani
Yupo, ni mpwa wangu. Mlipe siku yake na mafuta juu yako. Lakini Jumamosi hiyo uje peke yako kwanza, familia ifuate safari nyingine. Na wakija, majaketi ya kuokolea ya watoto yawe ya saizi ya watoto. La mtu mzima mtoto akianguka majini linapanda juu, yeye anateremka.