Mrejesho: Michoro ya marehemu mama

Niliuliza namna ya kunyoosha michoro ya marehemu mama, msanifu majengo, iliyokaa imeviringishwa miaka mingi. Asanteni sana. Niliiacha kwenye unyevu kidogo hadi karatasi ikalainika, ndipo nikailaza chini ya vitabu vizito. Mmoja ulichanika, kwa papara zangu. Selotepu sikuigusa, kama mlivyoonya.

Utotoni alinichora kwenye kila ramani, karibu na mlango, kwa skeli ya 1:50: nilikuwa na urefu wa mita moja, basi nikawa sentimita mbili. Nililia, nikidhani amenipunguza!

Katika mchoro wa jiko letu nimekuta kidirisha kilichoanzia sentimita 60 kutoka sakafuni. Mafundi walikilalamikia. Pembeni, kwa penseli: "cha mtoto, kisiondolewe".