Niliuliza kama kuna nguruwe, wakanijibu hakuna: ukumbi wa vyakula vya Kiitaliano ndani ya kasino, Las Vegas

Wakuu, salaam. Nina hasira tangu juzi na sinyamazi.

Mamangu amekuja kututembelea Houston kutoka Malindi, mara yake ya kwanza Marekani. Tukampeleka Las Vegas siku tatu akaone taa. Waitaliano Mama anawajua, ameishi nao Malindi miaka yote na chakula chao anakipenda. Mimi mwenyewe nilianza kwa kuosha vyombo jikoni kwa Mwitaliano pale mjini, nikaishia kupika, miaka minne. Kwa hiyo tulipoona ukumbi wa vyakula vya Kiitaliano ndani ya hoteli moja ya kasino kwenye Strip, ile barabara kuu ya makasino, nikamwambia twende, Mama, hapa utakula kama uko nyumbani.

Kuufikia ukumbi wenyewe lazima ukate katikati ya mashine za kamari. Sheria ya Nevada, jimbo lenye Las Vegas, hairuhusu aliye chini ya miaka 21 kusimamasimama eneo la kamari, kupita tu, basi mlinzi akawa anatuswaga kwa sababu ya binti yangu wa miaka 9, huku Mama na buibui lake akikohoa moshi wa sigara. Haya, hayo nayaacha. Tuliingia kwa miguu yetu.

Mama akachagua tagliatelle za ragu, yaani tambi pana zenye sosi ya nyama. Ragu ya Bologna naijua inavyoanza: unayeyusha pancheta kwanza sufuriani, ndipo nyama ya kusaga iingie. Hata pishi lililosajiliwa kwa chama cha wafanyabiashara cha Bologna mwaka 1982 lina pancheta, na pancheta ni tumbo la nguruwe. Ndiyo maana nikamuuliza kijana wa kaunta, "Hii sosi ina nguruwe? Mamangu ni Muislamu." Akasema ng'ombe tupu. Nikamwomba akaulize jikoni. Hata shingo hakugeuza. "Ng'ombe tupu. Anayefuata!"

Mama alikula nusu sahani, akanisogezea nimalizie. Tonge la kwanza tu nikaijua pancheta. Vile vipande vidogo vya mafuta, na ile chumvi yake ambayo siwezi kuikosea hata usingizini. Nikairudisha sahani kaunta, nikasimama pale hadi mpishi akatoka. Akakiri bila wasiwasi: pancheta imo, huwa imo kila siku.

Mama hakugombana na mtu. Aliomba maji, akaenda msalani kusukutua, akarudi akakaa. "Mwanangu, wewe uliuliza. Mungu amekuona." Usiku ule hakutia kitu mdomoni.

Meneja naye akaja na samahani yake na tiramisu ya bure, kile kitindamlo chao. Nikamuuliza ina nini. Ina Marsala, divai ya Kiitaliano. Yaani nimetoka kumwambia mamangu ni Muislamu, ananiletea pombe!

Msiniambie ningesoma maandishi. Sheria ya Marekani inalazimisha vitajwe kwenye pakiti vyakula 9 vinavyoleta mzio: maziwa, mayai, karanga na vinginevyo. Nguruwe hayumo. Mtu kama mamangu hana kinga nyingine ila ukweli wa aliyesimama kaunta. Kule Malindi mteja akiuliza nguruwe, mpishi mkuu alikuwa anatoka mwenyewe na kumjibu mezani. Kama hujui, sema hujui. Ni neno moja, na tungeagiza kitu kingine.

Sasa risiti. Tagliatelle mbili dola 54, kipande cha pizza 11, maji mawili 12. Jumla 77. Chini yake tozo ya huduma ya asilimia 18, dola 13.86, halafu kodi ya mauzo 6.45. Dola 97.31. Huduma gani? Foleni nilipanga mimi, trei nilibeba mimi, meza niliifuta mimi kwa tishu. Na kioo cha malipo bado kikaniomba bakshishi juu yake! Kwetu Texas naelewa, mhudumu anaweza kulipwa dola 2.13 kwa saa na bakshishi ndiyo inamlisha. Nevada kima cha chini ni dola 12, na anayepokea bakshishi hapunguziwi hata senti ya mshahara huo.

Wamekubali kurudisha dola 27 za sahani moja. Tozo wamekataa, eti mfumo hauruhusu.

Pesa si shida yangu kubwa. Nataka barua yenye jina la hoteli, ikiri kwamba niliuliza na nikajibiwa uongo, nimsomee Mama kabla hajapanda ndege wiki ijayo. Aliyewahi kupeleka malalamiko kaunti ya Clark, ndiko iliko Las Vegas, anielekeze naanzia wapi. Risiti ninayo, na picha ya sahani nilipiga.